Wabunge wa Marekani walilishwa matango pori kuhusu Iraq, na wengi hata hawakuangalia sahani

Wakuu, nimechoka na huu wimbo wa "tulidanganywa" ambao wabunge wa Marekani huimba kila vita ya Iraq ikitajwa. Ndiyo, mlidanganywa kwamba Saddam Hussein, mtawala wa Iraq, ana silaha za maangamizi. Lakini semeni na nyinyi mlikuwa wapi!

Oktoba 2002, siku chache kabla ya kura ya kumruhusu Rais George W. Bush kuivamia Iraq, mashirika ya ujasusi ya Marekani yalitoa ripoti ya siri ya kurasa zaidi ya 90. Humo humo ndani, Wizara ya Nishati ilikataa kwamba mabomba ya alumini yaliyotafutwa na Iraq ni ya mradi wa nyuklia. Ujasusi wa Jeshi la Anga nao ulisema ndege zisizo na rubani za Saddam ni za upelelezi zaidi kuliko kumwaga sumu. Likaja toleo la wananchi, kurasa kama 25: pingamizi la Jeshi la Anga halimo, na wataalamu waliobisha kuhusu mabomba wamegeuzwa "baadhi" tu, wasio na wizara wala jina.

Seneta Bill Nelson alikuja kueleza mwaka 2004 kwamba yeye na maseneta wapatao 75 waliambiwa faraghani kuwa ndege hizo zingeweza kupiga miji ya pwani ya mashariki ya Marekani. Kwamba kuna wataalamu wanaobisha, hawakuambiwa. Akapiga kura ya ndiyo. Matokeo: Seneti 77 kwa 23, Baraza la Wawakilishi 296 kwa 133.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Ripoti kamili ilikuwepo, chumba chenye ulinzi, unaingia unasoma. Walioisoma yote ni wa kuhesabika. Seneta Bob Graham aliisoma, akapiga kura ya hapana. Mtu anapeleka watoto wa wenzake vitani kwa muhtasari?

Na msiniambie hawakuwa na mfano. Mwaka 1964 Seneti hiyo hiyo ilimpa Rais Johnson ruhusa ya kupigana Vietnam, 88 kwa 2, kwa madai ya shambulio la pili dhidi ya meli za Marekani kwenye Ghuba ya Tonkin, shambulio ambalo halikutokea.

Machi 2004, kwenye dhifa ya wanahabari, Bush alionyesha picha zake akichungulia chini ya fanicha ofisini, eti anatafuta zile silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana Iraq. Wanajeshi wake zaidi ya 500 walishakufa, Wairaki ndio usiseme. Ukumbi ukaangua kicheko.