Kurasa 14, habari moja, kosa lilelile. Waandishi wa Dodoma tumefikia hapa?

Wakuu mnisamehe, naandika nikiwa na hasira.

Mimi ni stringa tu, 2016 waliposema serikali inahamia Dodoma na mimi nikahamia huku, nalipwa kwa habari inayotoka, isipotoka imekula kwangu. Juzi ofisi moja ya umma (siitaji) ikatuita Mtumba, kule mji wa serikali, saa tatu asubuhi, mambo ya mradi wa maji. Daladala mbili kutoka Nkuhungu, nauli yangu mwenyewe, vumbi mnalijua, mkubwa kafika saa sita kasoro. Kasoma karatasi dakika kumi. Nikanyoosha mkono nikauliza kaswali kamoja tu, tuliambiwa maji yatatoka mwezi wa sita, mbona mtaani kwetu bado tunanunua madumu? Afisa habari akaniwahi, "maswali nitumie wasap". Nimetuma. Tiki za bluu, kimya. Jioni naona nimeondolewa kwenye grupu la waandishi, bila hata kwaheri.

Sasa kilichonichefua ni hiki, mkubwa hajashuka hata kwenye gari habari ilishatoka! Picha za mradi afisa habari kapiga mwenyewe, video kakata mwenyewe, maneno yake, mpaka kichwa cha habari kaweka yeye, katupia kwenye grupu, onlaini tivii na blogu zikabandika kama zilivyo. Nimehesabu kurasa 14, zote zimeandika "mkandrasi" badala ya "mkandarasi". Kote hakuna aliyegusa. Mmoja kasahau hata kufuta "ndugu wanahabari, tafadhali itumike leo" pale juu. Na jina la mwandishi kaweka! Umeandika nini wewe?

Afisa habari simlaumu sana. Zamani alikuwa anatubembeleza, mhariri akiikataa habari yake ndo imeisha hiyo, leo ana simu kali na wafuasi wake mwenyewe, sisi anatuita tujaze viti na zile maiki zenye nembo zionekane mezani kwenye picha. Tumekuwa mapambo, kama maua ya plastiki.

Wenzangu wa onlaini nao nawaelewa, njaa ipo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilivyoanza 2018 ada ya leseni kwa mwaka ilikuwa milioni moja, hapo hujaweka ile ya kuanzia, hujanunua bando, kodi ya chumba inakusubiri, na anayekupa tangazo ni ofisi ileile, utamuuliza swali gani huyo? Zamani kanjanja, yaani mwandishi feki, alikuwa yule asiye na kitambulisho anayevizia bahasha ya hela mlangoni. Siku hizi kanjanja ana leseni na kamera kuliko yangu, na bahasha wanaiita "ushirikiano".

Jana usiku bibi jirani yangu kaniletea simu yake, "mwanangu, humu wameandika maji yanatoka, mbona bomba langu linakohoa tu?" Nikakosa la kumwambia, maana ukurasa aliokuwa anasoma ni wa chombo ninachokiandikia mimi.

Mlioondolewa kwenye lile grupu wiki hii njooni tujuane hapa. Na mods, naomba uzi usiunganishwe na ule wa mgao wa maji.