Nyele zinaisha na siku ya mahari inakaribia: ninyoe kichwa yote ao niache?

Kaskete_Nyeusi (Lubumbashi, Kampemba):

Bandugu mambo. Niko na shida moja sijaisemaka kwa muntu, hata kwa kaka yangu ule tunalala naye chumba moja. Mi niko na miaka 29. Miaka tatu imepita nilianza kuona nyele zinarudi nyuma hapa ku paji, kisha ikaingia nafasi ingine katikati ya kichwa, ilianza sawa kifuniko ya chupa, leo iko sawa kisahani ya chai. Ya mbele naifichaka. Ya katikati sijionaki nayo mwenyewe njo inaniuma zaidi, juu naionaka paka mu foto yenye bengine wamepiga nikiwa nimegeuka.

Tangu pale navaa kaskete. Ku kazi navaa (nauzisha vipuri ya gari), mu bus navaa, nikitoka kuoga naivaa mbele ya shati. Kanisa njo mateso, juu mwanaume haingii na kofia, basi nakaaka benchi ya mwisho kabisa, mugongo ku ukuta, kusikuwe muntu nyuma yangu. Nilikuwaka mu kwaya, sauti ya besi. Imefika miezi tisa sijaenda ku mazoezi, nilidanganya ati kazi imekuwa mingi.

Sasa tarehe 16 mwezi wa nane tunapeleka mahari. Mbele ya bakwe hakuna kaskete. Fianse yangu anajua lakini hatujaongeaka. Siku moja alipitisha mukono pale katikati, nikamushika mukono nikauondoa, na tangu ile siku hajagusaka tena. Ile inaniuma kupita nyele.

Nilienda kwa kinyozi mara mbili na moyo wa kumuambia atoe yote. Mara ya pili nilikaa, akanifunga kitambaa ku shingo, akauliza tunafanya je, mi nikajibu "sawa ya kila siku".

Na kuko kitu ingine. Kwetu kichwa kikinyolewa yote ni kilio. Baba alikufa 2019 na shiye batoto bote tulinyolewa siku moja, uani, mama akiangalia. Nikirudi nyumbani kichwa wazi ataniuliza nani amekufa, ao ataona sawa naita kifo. Na bakwe ni bazee ba desturi, watasema huyu kijana amekuja kuomba bibi na kichwa ya matanga.

Wale mumepita hapa, mulipata nguvu wapi? Mbele ya siku ngapi? Na kama kuko dawa, muniambie ukweli.

Tondezi_ya_Kenya (Lubumbashi):

Kaka, mi ni kinyozi hapa komini Kenya (sehemu ya muji, si inchi), miaka 11 niko nashika tondezi, mashine ya kunyolea, na ile "sawa ya kila siku" yako naijua sana. Muntu anakaa, namuona ku kioo macho inapanda juu ya kichwa, inashuka haraka. Siulizaki. Lakini kama angesema neno moja tu ningemusaidia, basi wewe umesema hapa, ni vizuri.

Sikiliza namna ya kufanya. Usikuje Jumamosi, Jumamosi saluni imejaa na batu wanaongea mupira mpaka usiku. Kuja Jumanne ao Jumatano asubuhi, tunakuwa wawili. Nitaanza na kichana namba 2, unaangalia. Kisha namba 1, unaangalia. Kisha tondezi bila kichana. Katikati pale unaweza sema basi, tunaacha, hakuna deni. Mara mingi muntu akifika bila kichana anabaki hapo hapo, haombi wembe, na mi nafurahi, juu nyele yetu ya kujikunja ukiikata mpaka ndani ya ngozi inarudi inaingia mu nyama. Inaleta vipele ku kisogo, na vikikomaa vinakuwa vigumu sawa kovu, muntu anatembea navyo miaka. Kama unataka wembe basi ufuate vile nyele inalala, usivute ngozi, usirudie mara tatu pahali pamoja. Na ukuje na wembe yako mupya, tondezi pia ukiweza ununue yako, kwa mukono ya kinyozi mwenye hasafishi unaweza toka na mashilingi (ugonjwa ya ngozi ya kichwa) ao kitu kibaya zaidi ya mashilingi.

Kitu chenye batu hawasemaki: rangi. Kichwa yako imekaa miaka tatu chini ya kaskete. Siku ya kwanza itakuwa nyeupe kupita uso, mustari unaonekana kabisa pale kaskete iliishia. Ile mustari njo inafanyaka batu wajute na kurudia kofia. Wiki mbili tatu jua inaisawazisha, basi usinyoe tarehe 15 kwa jina ya Mungu. Nyoa hii wiki. Na kama haukupenda, nyele inaota sentimita moja hivi kwa mwezi, mbele ya mahari utakuwa umeshapata kidogo.

Mtoto_wa_Kalemie:

Ndugu Kaskete, mimi ni muuguzi, nimezaliwa Kalemie lakini kazi niko huku Lubumbashi. Umeomba ukweli kuhusu dawa, nakupa.

Jinsi ulivyoeleza, pembeni za paji na utosini, inafanana sana na upara wa kurithi. Mwili unageuza homoni ya kiume testosteroni kuwa nyingine inaitwa DHT, na mizizi ya nywele ya sehemu hizo ikiwa imerithi udhaifu wa kuihisi, inasinyaa, kila nywele inayoota inakuwa nyembamba kuliko iliyotangulia mpaka haionekani. Pembeni na kisogoni mizizi haina udhaifu huo ndio maana pale nywele zinabaki. Si kaskete iliyokuletea, si sabuni, si mtu amekuroga, na si ugonjwa wa kuambukiza. Kama ingekuwa imetoka kwa ghafla, viduara laini kama shilingi, au ngozi inawasha na kutoa magamba, ningekuambia uende kwa daktari kwanza kabla hujagusa wembe.

Dawa ziko mbili zinazojulikana. Minoxidil ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele, ndipo ikatengenezwa ya kupaka, Marekani waliikubali 1988. Unapaka asubuhi na jioni, unangoja miezi minne au zaidi kuona kitu, na utosini inasaidia kuliko kwenye paji. Ukiacha, zote ulizookoa zinaanguka tena ndani ya miezi michache. Finasteride ni kidonge, kilikubaliwa kwa nywele 1997, kinazuia ile DHT, wengine kinawapunguzia hamu ya ndoa, na mwanamke mwenye mimba hatakiwi hata kushika kilichovunjika. Usikimeze bila kuandikiwa na daktari. Kwa hiyo hesabu mwenyewe, hakuna dawa ya kufika kabla ya tarehe 16. Yale mafuta ya chupa ndogo wanayouza barabarani wakikuahidi wiki mbili, hela yako ipeleke kwenye mahari.

Na wengi wanasema ukinyoa zinarudi nene ao zinaisha kabisa. Hapana. Wembe unakata kilicho nje, mzizi hauna habari.

Jambo la mwisho, kuna mtafiti wa Marekani, Albert Mannes, mwaka 2012 alitoa utafiti ambao watu walionyeshwa picha za wanaume wale wale, wenye nywele na kisha nywele zimeondolewa kwa kompyuta. Wasio na nywele walionekana wana nguvu zaidi, hata warefu zaidi kidogo, ingawa walionekana wamezeeka kidogo pia. Nakuambia yote mawili usije ukasema nilikuficha.

Mama_Katuba:

Mwanangu nimesoma yako mpaka machozi ikanitoka, juu mi ni mwanamuke na nilipita kule kule.

Mi nilimaliza nyele na meshi, nyele ya kuunga. Miaka kumi na kitu nilisuka ya kuvuta, chini yake nimeweka defriza, dawa ya kunyoosha nyele, kichwa inauma usiku mpaka nalala nimekaa, nikasema njo butamu. Pembeni hapa juu ya masikio zikaisha, ngozi ikabaki inang'aa. Nikaingia mu peruki miaka nne. Peruki mu joto ya mwezi wa kumi, mbele mvua ianze, nyinyi banaume hamuijui ile.

Siku nilinyoa nilifanya kosa moja na njo nataka wewe usifanye. Nilinyoa jioni, peke yangu, na mukasi ya jikoni na wembe, nikatoka asubuhi kununua mukate. Jirani mama moja aliniona akaacha ndoo yake ya maji chini akaanza kulia. Alifikiri bwana yangu amekufa usiku. Bwana yangu iko ndani anakunywa chai! Mpaka saa sita batu watatu walikuwa wameshakuja na sura ya kilio, na mama mukwe wangu habari ilimufikia Ruashi mbele nimuambie mi mwenyewe. Alikasirika miezi miwili, hakukasirika juu ya nyele, alikasirika juu alisikia kwa batu.

Basi mwanangu, uanze na mama. Usimuonyeshe kichwa yenye imemalizika. Umukalishe asubuhi, si jioni, na utoe kaskete mbele yake aone nafasi ile kwa macho yake, juu nafikiri hajaiona vizuri, umemuficha. Kisha umuambie unataka nini. Ukiweza umupe mukasi yeye akate ya kwanza, mu uani ile ile. Siku ya baba yenu aliangalia tu, hakushika kitu. Mi naona akishika yeye, haitakuwa tena kilio.

Na yule binti, siku ukinyoa umupe kichwa ashike. Usingoje aombe.

Mzee_wa_Kamalondo:

Kijana, mimi nina kipara tangu kabla ya nyinyi wengi hapa kuzaliwa. Mwaka 1998 tulikuwa tumejaa sebuleni kwa rafiki yangu tunaangalia fainali ya Ufaransa na Brazili. Zidane alikuwa na miaka 26, mdogo kuliko wewe, na utosini tayari pako wazi, kamera ya juu ilikuwa inaonyesha kabisa. Akafunga mbili, zote kwa kichwa kile kile. Mi nilikuwa na kofia ya sufu siku ile, ndani ya nyumba. Sikuitupa usiku ule, nisikudanganye, ilinichukua mwaka mzima tena. Lakini nilianza kufikiri.

Sikubaliani na mama Katuba jambo moja. Mama yako hatoshi. Siku ya mahari wewe hausemi, anayesema ni mjomba ao yule mzee mliyemchagua. Huyo njo umpelekee habari mapema. Kabla ya kufungua mambo ya vitu na pesa aseme kwa bakwe: kijana wetu hatoki kwa kilio, nywele zake zimemwacha kama zilivyomwacha babu yake, tumemleta vile alivyo. Maneno mawili na wazee watatikisa kichwa, wataendelea na mambo yao. Wazee wa desturi hawaogopi kichwa cha wazi, wanaogopa alama ambayo haijaelezwa. Na utaona mle ndani wenye kipara hamtakuwa wachache.

Usikubali mtu akuambie kipara ni dalili ya pesa. Watasema kwa kukusifu, kisha watakuomba.

Kaskete_Nyeusi:

Nimesoma yote, asante sana, bandugu. Mzee, babu yangu kweli alikuwa na kipara, sikuwahi kuifikiria ile. Nitaongea na mjomba hii Alhamisi. Mama naogopa bado.

Mama_Katuba:

Uogope, lakini uende. Asubuhi.

Kaskete_Nyeusi (kisha siku sita):

Nimerudi kuwaambia.

Juzi saa moja asubuhi, baridi ya mwezi wa saba munaijua, mama alikuwa ku mbabula (jiko ya makala) anachemsha maji. Nilikaa ku kiti kidogo nikatoa kaskete bila kusema kitu. Aliangalia muda murefu. Akauliza, "tangu lini?" Nikasema miaka tatu. Akasema na mi nilifikiri unavuta kitu na batoto ba barabara, juu ya ile kofia na kuacha kwaya, miaka tatu naomba Mungu kwa kitu chenye haikukuwa. Pale nilishindwa kuongea.

Nikamuambia habari ya mukasi. Alikataa mara ya kwanza, akaingia ndani. Nikajua imeisha. Kumbe alienda kutafuta kitenge ya kunifunga ku mabega, na akatoka na mukasi yake ya kushonea. Alikata hapa juu ya sikio ya kuume, kidogo tu, akafunga zile nyele mu kipande cha kitambaa akaweka mu mufuko. Akasema jina ya baba. Kisha akasema nenda sasa kwa mwenye kujua kazi, mi nitakuharibu.

Nilienda kwa Tondezi siku ile ile. Namba 2, namba 1, bila kichana. Hakuwasha radio, nilimuona aliizima nikiingia, asante kaka. Mustari wa kaskete uko kabisa sawa alivyosema, uso ingine na kichwa ingine, lakini nimetembea nayo mpaka nyumbani kwa miguu, sikupanda bus. Upepo nilikuwa nimeusahau.

Fianse alikuja jioni. Niliinama tu. Aliweka mikono yote mbili, hakusema kitu, na mi sikuiondoa.

Mjomba ameshakubali kusema yale maneno ya mzee wa Kamalondo. Ku kwaya nitaenda Ijumaa.

Tondezi, vipele viwili vidogo vimetoka ku kisogo, vinawasha. Nipake nini?

Tondezi_ya_Kenya:

Usipake pombe ya kunukia, usikwaruze. Maji ya vuguvugu na kitambaa safi asubuhi na jioni, wembe usiguse pale hata kama kaka yako anakuambia. Kofia ya sufu ya usiku ukivaa juu ya baridi, iwe imefuliwa. Kama Jumanne haijashuka upite niione, nafungua saa mbili.