Daktari wa meno aliyesomea ng'ambo: mtihani ufutwe au ubaki?

Mwenzetu aliyeufungua mjadala huu anauliza kwa nini kijana aliyesomea udaktari wa meno India au Urusi kwa miaka mitano, akarudi Kisumu na shahada yake mkononi, alazimishwe kufanya mtihani wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno kabla ya kuruhusiwa kuanza intanshipu, yaani mafunzo ya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Yeye anataka mtihani huo ufutwe. Naelewa uchungu wake, maana ameeleza jinsi baba yake alivyouza shamba ili kulipa karo, lakini sikubaliani naye, ingawa mimi pia nilipitia mlango huo huo.

Chuoni kwetu ng'ambo wagonjwa walikuwa wachache kuliko wanafunzi, kwa hiyo mazoezi mengi tuliyafanyia kwenye kichwa bandia chenye meno ya plastiki. Jino la plastiki halitoki damu, na mzizi wake haukupinda. Katika wiki yangu ya pili ya intanshipu alikuja mama mmoja kutoka mtaa wa Nyalenda, shavu limevimba, gego la chini limeoza hadi kwenye ufizi. Nilimdunga ganzi mara mbili isishike. Palipo na usaha dawa ile hupungua nguvu, ni kweli, lakini kosa kubwa lilikuwa langu: sindano haikufika karibu na neva pale inapoingia kwenye mfupa wa taya. Daktari aliyenisimamia hakusema neno mbele ya mgonjwa; alikishika kiwiko changu, akakisogeza nje kidogo, nikadunga tena, na baada ya dakika chache mama akasema mdomo umekufa ganzi. Uvimbe wa namna ile ukiachwa unaweza kuteremka shingoni na kuziba njia ya hewa, na mtu akafa kwa sababu ya jino. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba karatasi ya shahada peke yake inatosha.

Wala Kenya haina ukali wa kipekee. Nchini Marekani, majimbo mengi humtaka daktari aliyesomea nje arudi chuo cha meno cha huko kwa miaka miwili au mitatu, mbali na kufaulu mtihani wa taifa. Uingereza ina mtihani wa sehemu mbili kwa wengi waliosomea ng'ambo, na ile ya pili hupima mikono. Hata hivyo, mwaka 2024 serikali yake ilikusanya maoni kuhusu usajili wa muda, ili madaktari hao wafanye kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu.

Hapo ndipo ningependa tuelekeze hoja zetu. Familia hazipeleki watoto mbali kwa anasa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha fani hii mwaka 1974, na huku magharibi tuna Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, lakini wanaoitamani ni wengi kuliko nafasi. Kijana akirudi, mtihani ubaki, ila asikae nyumbani akiusubiri huku mikono yake ikisahau kazi. Sheria imruhusu kuhudumu katika hospitali ya kaunti, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, akisimamiwa na daktari mwenye leseni anayetia sahihi kwa kila jino lililong'olewa au kuzibwa, na daftari hilo lihesabiwe katika alama zake. Naye anayeanguka aambiwe kwa maandishi ni wapi alipoangukia.

Najua nitaulizwa ni nani atakayewasimamia, ilhali madaktari wenyewe ni wachache na foleni ni ndefu. Swali hilo ni la haki, na usimamizi utatupunguzia kasi, hasa miezi ya mwanzo. Kwa upande wangu, siku sheria itakaporuhusu, nitampokea kijana mmoja siku mbili kwa wiki bila malipo yoyote. Je, mwenzetu angekubali mtihani ubaki kwa masharti hayo?