Naitwa jina nikiwa peke yangu, mwili nauona kama si wangu. Ushauri wakuu

Mpiga_Randa: Wakuu habari za usiku. Mimi ni fundi seremala, miaka 34. Kuna saa nikiwa kazini mkono nauona kama si wangu, najitazama kwa nyuma. Nikizinduka, muda umekwenda. Usiku sauti ya kiume inaniita kwa ukali. Bangi situmii, pombe sinywi. Dawa gani itanifaa? Nawasilisha.

MamaVitenge: Jini hilo. Shangazi yangu Tanga alikuwa hivyohivyo, akasomewa, leo ana duka. Ila lile duka nalo lina maneno yake, siku nyingine.

Nesi_Zamu: Sauti ni ya nani? Inakuamuru ujidhuru?

Mpiga_Randa: Inaita tu. Ya nani kuna umuhimu?

Nesi_Zamu: Upo.

Mpiga_Randa: Baba mdogo. Alinilea wazazi walipofariki. Kipigo cha waya, halafu stoo, gizani. Nilijifunza "kuondoka" nikiwa palepale. Imerudi alipopiga simu kwamba anaumwa, anataka kuja kwangu. Tiketi nimeshamkatia. Msinilaumu, damu ni damu.

Kamanda_Zege: Tulichapwa wote na tukawa watu. Kizazi cha mayai.

Nesi_Zamu: Kamanda, wewe ulifungiwa stoo? Mtoto asiye na pa kukimbilia, akili ndiyo inayokimbia. Ukubwani kikija cha kumkumbusha, inakimbia tena. Watafiti waliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2012 walikuta waliopitia mateso utotoni wana uwezekano wa kupata saikosisi (akili kupotewa na uhalisia, mfano kusikia sauti zisizokuwepo) karibu mara tatu ya wengine. Na si kila anayesikia sauti ni kichaa. Mkuu, nenda kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa. Waambie na habari za stoo, usiishie kwenye sauti. Wakupime na kifafa, kipo kinachofanana na hayo. Msumeno wa umeme weka kando kwanza.

Mzee_Kijiko: Hii chai. Mwezi jana kwenye uzi wa nyumba za kupanga ulilalamika baba yako kakujazia sebule. Baba yupi, kama alifariki?

MamaVitenge: Eeh! Jibu hapo.

Mpiga_Randa: Huyohuyo baba mdogo. Alishafika. Analala chumba cha pili. Ningemwacha kituo cha mabasi?

Kamanda_Zege: Duh.

Nesi_Zamu: Hakuna mwingine kwenye ukoo wa kumpokea wakati wewe unatibiwa?

Mpiga_Randa: Shangazi, Singida. Hatuongei.

Mzee_Kijiko: Bado nasema chai. Ila mpigie shangazi.