Wauza CD mtandaoni, acheni kutuuzia "Electronic" ya 1991 bila kujua mnachouza!

Wakuu, leo sina salamu. Kuna muuzaji mmoja wa CD za mtumba mtandaoni, simtaji, kaniuzia albamu ya kwanza ya Electronic, bendi ya Uingereza. Tangazo lake lilisema kwa herufi kubwa kwamba wimbo "Getting Away with It" umo. Mzigo umefika, nageuza kasha: nyimbo 10, "Idiot Country" mpaka "Feel Every Beat". Wimbo wenyewe haumo! Kumuuliza, ananijibu eti hiyo ndiyo orijino, mimi ndiye sijui muziki.

Orijino ndiyo, ya lebo ya Factory kule Manchester. Ule wimbo ulishatoka kama singo Desemba 1989, na Factory hawakuuweka kwenye albamu. Waliouweka ni Wamarekani, ndiyo maana toleo lao lina nyimbo 11. Sasa wewe unayekula hela za watu kwa kuuza muziki, hilo hulijui?

Tena si wimbo wa kujazia. Hapo ndipo Bernard Sumner wa bendi ya New Order na mpiga gitaa Johnny Marr, aliyeiacha bendi ya The Smiths 1987, walipoanzia Electronic, na Neil Tennant wa Pet Shop Boys akatia sauti. Violini alizipanga Anne Dudley. Halafu gitaa la Marr linapokuja kupiga solo, bila haraka, wala halishindani na mashine za kielektroniki. Ndicho nilicholipia!

Kilichonichefua zaidi ni alivyomalizia: eti Electronic ilikuwa New Order ya likizo, Marr hata gitaa hakushika. Weka "Get the Message" ya albamu hiyohiyo basi, na Denise Johnson nyuma kwenye sauti, uniambie yule anayecharaza ni nani. Albamu ilifika namba 2 kwenye chati za Uingereza. Hata kabla haijatoka, Agosti 1990, walishawafungulia bendi ya Depeche Mode jukwaa Dodger Stadium, Los Angeles.

Ukitaka kuiponda, iponde albamu yao ya 1996, waliyomleta Karl Bartos, wa zamani wa bendi ya Kijerumani Kraftwerk. Ndefu, inachosha, hapo sibishi. Ila ya 1999 ina magitaa mpaka basi.

Hela yangu hajarudisha. Anataka nimrudishie CD kwanza, nauli juu yangu! Aliyewahi kumbana muuzaji wa namna hii akalipwa aje PM anipe njia. Na mwenye toleo la nyimbo 11 anayeuza, atume picha ya nyuma ya kasha kabla ya kutaja bei.