Gari limeegeshwa, likaanza kuondoka lenyewe: tupeane uzoefu

KobeMwendo: Wakuu, jirani yetu yuko hospitali, gari lake limembana kwenye geti. Alishuka kufungua, likaanza kurudi nyuma polepole kuelekea getini, akakimbilia nyuma ya gari kulizuia kwa mikono. Na udereva ndiyo kazi yake! Nimeshindwa kuelewa. Yaliyowahi kuwakuta au mliyoyashuhudia, semeni, na mlifanyaje.

MamaPacha: Pole yake. Hiyo ya kukimbilia nyuma nimeiona kwa macho yangu. Mwili unaondoka kabla ya akili.

Shoka: Umenikumbusha mbali. Tulikuwa tumeshuka mlima mrefu na shemeji yangu, breki zinanuka kwa moto. Akasimama pembeni, bado ni mteremko, akavuta hendibreki, gia akaiacha huru. Tukashuka kunyoosha miguu. Gari limetulia kabisa, tumeshaanza na stori, ndipo nikasikia changarawe zinalia chini ya tairi, taratibu sana. Shemeji akatimua mbio. Akaudaka mlango wa dereva, akaufungua, akawa anarukaruka kwa mguu mmoja, mwingine unatafuta pedeli. Mbele kuna nguzo ya alama ya barabarani. Mlango ukagonga nguzo, ukajifunga huku yeye yuko katikati, ukambana kifua. Alipoanguka, tairi la nyuma likampita juu ya paja. Nilikuwa nimeshamshika mkanda wa suruali namvuta, sikuweza. Gari likaenda kujikita kwenye tuta la udongo, taa moja ikavunjika. Basi! Taa ilibadilishwa, gari likarudi barabarani; yeye mpaka leo ana vyuma mguuni na ngazi anapanda kwa kushika ukuta.

Binti_Sauti: Dah. Nimesoma huku nimekunja miguu.

FundiWaChini: Shoka, hilo la kutulia kwanza halafu likaondoka lina sababu. Gari lenye breki za disiki nyuma, disiki zikiwa za moto zimetanuka. Zikipoa zinasinyaa na pedi zinazozibana zinalegea. Ukitoka mlimani vuta hendibreki hadi mwisho, weka na gia: kichwa kikitazama juu, namba moja, kikitazama chini, rivasi. Ukipata jiwe kubwa, weka kwenye tairi upande wa mteremko.

Jasiri: Mimi siwezi kusimama nitazame gari langu linakwenda kugonga watu. Nilishawahi kuruka ndani nikakanyaga breki, likasimama.

Shoka: Mkuu, nawe ulibahatika. Usiwafundishe watu hilo.

Jasiri: Sifundishi, nasimulia yangu. Si ndiyo mada?

MamaPacha: Na mtoto akiwa ndani?

Jasiri: Ndiyo maana nasema!

FundiWaChini: Dada, mtoto aliyefungwa mkanda ana chuma kinachomkinga. Wewe huna kitu. Kama ni mkubwa wa kuelewa, mpigie kelele avute hendibreki. Wewe ukiingia chini ya tairi, hujamwokoa yeye na umeshaumia.

MamaPacha: Nimekuelewa, lakini hakuna mama atakayesimama. Dawa ni kushuka naye, hata kama ni kufungua geti tu.

Hesabu_Ngumu: Tazameni namba. Gari la kilo 1,300 kwenye mteremko wa asilimia 10 linakusukuma kama mzigo wa kilo 130 hivi. Hapo ni kulishikilia likiwa bado limesimama. Likishaanza kutembea, ndiyo usijaribu kabisa.

Binti_Sauti: Kuna yule mwigizaji Anton Yelchin, alifariki Juni 2016 huko Los Angeles akiwa na miaka 27. Jeep Grand Cherokee yake ilirudi nyuma nyumbani kwake, ikambana kwenye nguzo ya matofali na geti. Magari ya aina ile yalikuwa yameshaitwa yarudi kurekebishwa, maana kishikio cha gia kiliwafanya watu wadhani wameweka P, yaani gia ya kuegesha ya otomatiki, kumbe bado.

KobeMwendo: Yaani geti vilevile! Kwa hiyo ukisikia linaondoka, unafanya nini?

Shoka: Toka kwenye njia yake, kaa ubavuni, mbali na mlango, piga kelele kwa nguvu zote watu wapishe. Liache ligonge.

Utingo_Mstaafu: Kwenye malori tulikuwa tunatupa jiwe chini ya tairi.

FundiWaChini: Mzee wangu, shikamoo. Jiwe ni kabla halijaanza. Likishatembea, anayeinama kuweka jiwe ndiye anayepitiwa.

Utingo_Mstaafu: Marahaba. Ni kweli, nimezika mwenzangu kwa jambo hilo.

Binti_Sauti: Na kama bado umekaa kwenye usukani, injini imezimwa?

FundiWaChini: Kanyaga breki mara moja kwa nguvu, ushikilie hapohapo. Usipampu, msaada wa kukanyagia breki uliobaki unaisha na pedeli inakuwa ngumu. Hendibreki ya kitufe, kwa magari mengi, shikilia usiachie.

Jasiri: Otomatiki, P inatosha. Hendibreki ya nini?

FundiWaChini: P ni kijino kidogo ndani ya giaboksi. Gari la kuvuta mbele, ukipiga jeki tairi moja la mbele, P haishiki tena. Kanyaga breki, vuta hendibreki, ndipo uweke P.

Hesabu_Ngumu: Mimi nilifundishwa P kwanza.

FundiWaChini: Basi ukiachia breki kabla ya hendibreki, uzito wote unakaa kwenye kijino.

MamaPacha: Na nikiegesha mlimani, tairi za mbele nigeuzie wapi kama hakuna ukingo wa barabara?

Utingo_Mstaafu: Upande wa nje wa barabara, mwanangu, uwe umetazama juu au chini. Likiondoka liingie porini, lisirudi kwa watu.