Ameweka chapati juu ya transkripti yangu, halafu anasema anatafuta mhasibu

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa kituo cha mwendokasi cha Gerezani na mikono bado inatetemeka, kwa sababu haijapita hata saa moja tangu nitoke katika ofisi ya yule mzee wa vifaa vya ujenzi ambaye sina haja ya kumtaja. Kila mhitimu wa uhasibu aliyewahi kupanda ngazi za Kariakoo na bahasha ya kaki mkononi anamfahamu. Ndiye yule anayetangaza nafasi ya mhasibu msaidizi kila baada ya miezi mitatu, na waliotangulia kukaa kwenye kiti hicho hatujui walikoishia.

Mzee huyo ameweka chapati juu ya transkripti yangu. Sizungumzi kwa mafumbo. Chapati ililetwa imefungwa kwenye gazeti, naye gazeti alitaka kulisoma, basi akaitoa chapati, akatazama mezani akitafuta pa kuiweka, akaacha faili, akaacha kalenda, akaacha meza yenyewe iliyo pana kama uwanja wa mpira, akaitua juu ya miaka yangu mitatu ya chuo. Ilikuwa na mafuta ya kutosha kuitembeza daladala mpaka Mbagala na kurudi.

Mjue pia kilichotangulia, ili mpime mlingano wa kosa na adhabu. Alinipa daftari la fedha la mwezi mzima pamoja na taarifa ya benki, akataka nimweleze kwa nini salio la benki linazidi la daftari kwa shilingi 1,275,000. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa stoo, mifuko ya saruji ikipita juu ya kichwa changu, nikaanza kuweka alama mstari kwa mstari. Hundi ya shilingi 1,200,000 aliyopewa msambazaji ilikuwa bado haijawasilishwa benki, na makato ya benki ya shilingi 15,000, yaliyokuwa yamepunguza salio la benki tu, hayakuwa yameandikwa kwenye daftari, kwa hiyo zikabaki shilingi 90,000 zisizo na maelezo. Tisini elfu inagawanyika kwa 9, na mtu aliyekaa darasani akasikiliza anajua kwamba tofauti ya namna hiyo mara nyingi inatokana na tarakimu zilizobadilishana nafasi. Nikarudi kwenye fedha zilizopokelewa, mteja mmoja baada ya mwingine, mpaka nikakuta malipo ya mteja ya shilingi 540,000 yameandikwa 450,000, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe.

Nilipomwonyesha, hakusema ahsante wala hakusema pole. Aliita chai. Ndipo ikaja ile chapati.

Akiwa anatafuna, aliniambia mbele ya wapakiaji wawili na binti wa mapokezi kwamba transkripti haifungi hesabu, na kwamba nikatafute uzoefu wa miaka mitatu ndipo nirudi. Hesabu nilikuwa nimeifunga dakika tano kabla, mezani pake, kwa kalamu yangu! Na huo uzoefu ninaupata wapi, ikiwa hata aliyefaulu mitihani yote ya Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi hasajiliwi kuwa mhasibu aliyeidhinishwa mpaka aonyeshe miaka mitatu ya kazi, na mwenye kazi naye anaidai miaka hiyo hiyo mlangoni kabla hujaingia? Lakini hilo tuliache. Turudi kwenye chapati. Mduara wa mafuta umekaa sawasawa juu ya somo la Ukaguzi, nililopata A, na herufi yenyewe sasa inaonekana kupitia upande wa pili wa karatasi. Aliinyanyua chapati, akaiona ile alama, akaifuta kwa kiganja, ikatanuka.

Nauliza kwa uchungu kabisa: mtu huyu tumfanyeje?

Mzee wa Vocha: Mleta uzi, pole, lakini nitakuwa mkweli kwako. Ni nani alikutuma uingie Kariakoo na transkripti halisi wakati mawakili wanaothibitisha nakala wamejaa mjini? Mhasibu asiyejua kutenganisha nyaraka halisi na nakala ataajiriwa kulinda nini?

Mleta uzi: Mkuu, tangazo lilidai vyeti halisi. Na hata ingekuwa nakala, je, nakala ni sahani?

Binti wa Leja: Dada yangu, mimi ni mmoja wa hao mnaouliza waliishia wapi. Alinikalisha miezi mitatu bila mshahara akisema ni kipindi cha majaribio, na katika miezi hiyo nilikuwa nikipeleka kodi ya ajira kabla ya tarehe 7 na ritani ya VAT kabla ya tarehe 20 kwa bando la simu yangu mwenyewe. Siku nilipomuuliza kuhusu bando, aliniambia nishukuru kwamba ninajifunza bure. Chapati inafutika, dada. Bando langu halijarudi mpaka leo.

Mleta uzi: Haifutiki! Nimesema ilitanuka!

Mkaguzi wa Zamu: Nyote mnalalamika kwa sababu hamjaanzia kazi kwenye kampuni ya ukaguzi. Desemba 31 watu wakipiga fataki, mimi nilikuwa ghalani nahesabu mabati, na meneja wa stoo amezima taa akidai anabana matumizi. Nilihesabu kwa tochi ya simu, nikakosea, nikaanza upya. Huo ndio unyanyasaji.

Asilimia Kumi na Tano: Mkaguzi, wewe angalau una kazi na posho ya usiku. Mimi mshahara wangu wa kwanza ulipoingia, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi ilichukua asilimia 15, mfuko wa hifadhi ya jamii ukachukua asilimia 10, kodi ya ajira ikachukua yake, na mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Niliandaa orodha ya mishahara kwa mkono wangu, na nilipofika kwenye jina langu niliinamisha kichwa nikalia.

Mama Sembe: Mwanangu, nyunyizia unga wa sembe juu ya hayo mafuta, funika kwa karatasi safi, weka kitu kizito juu yake mpaka asubuhi. Unga utanyonya.

Mzee wa Vocha: Mama, unga wa sembe una chenga na utakwaruza wino. Tumia poda ya mtoto.

Mama Sembe: Nimeokoa cheti cha ndoa kwa sembe, usinifundishe.

Rudia Mei: Samahani kwa kuingilia. Nilianguka somo la kodi mwezi Novemba na ninarudia Mei, sijui nimkasirikie nani. Kuna mwenye mitihani iliyopita anisaidie?

Binti wa Leja: Ninayo ya mwaka 2022, lakini uwe mwangalifu, kwa sababu wakati huo tozo ya kuendeleza ufundi stadi ilikuwa bado asilimia 4, na tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5.

Rudia Mei: Dada, hapo hapo ndipo nilipoangukia.